Aliyemwitikia Hayat

Ndoo ya Hayat ilikutwa imejaa maji.

Utasema, ndoo kujaa maji ni ajabu gani? Basi hukuijua Gatuanyaga ya miaka ile ya tisini, ukame umekaza, tangi la shule linatema kutu, na wasichana wa bweni wanapanga foleni alfajiri kwenye bomba moja ili mtu apate nusu ndoo ya kunawa uso na miguu. Maji hayakuwa kitu cha kuachwa chini ya kitanda. Tena mwenye ndoo alikuwa ameshazikwa Thika, karibu mwezi mzima uliopita.

Ilikuwa ndoo ya buluu, jina limeandikwa ubavuni kwa rangi ya kucha. Nduku ndiye aliyeiona, kwa sababu kitanda chake kilipakana na kile cha dirishani alicholala Hayat. Aliinama kufunga kamba za viatu akaona maji yametulia mpaka ukingoni, safi, hayana hata kijiti. Akachovya kidole. Yalikuwa baridi kama ya kisima, na kisima hakikuwepo popote karibu na shule ile.

"Nani amemjazia Hayat maji?" aliuliza polepole.

"Si ni wewe?" akajibu Mwongeli akijifunga tai. "Si wewe ndiye humjaziaga?" Mwongeli alikuwa kiranja wa bweni, msichana wa Form Four mwenye mdomo mwingi na roho safi. Neno likamtoka kabla hajafikiri, na alipofikiri akaziba mdomo kwa mkono. "Woi! Pole, Nduku. Pole sana."

Mazoea yana taabu, jamani. Na hadithi hii yote ni ya mazoea.

Hayat Uthman alikuwa mtoto wa Makongeni, mtaa wa mjini Thika, mwana pekee wa mjane aliyekaanga mahamri na viazi karai mbele ya nyumba yake. Alikuwa mwembamba, mcheshi, na kifua chake kilikuwa kibovu tangu utotoni. Hewa ikipoa tu, pumzi zinaanza kulia filimbi. Nduku alikuwa wa huko huko Gatuanyaga, binti wa wafugaji wa mbuzi, mwenye mikono ya kubeba debe bila kutetereka. Basi Nduku alimjazia mwenzake ndoo kila asubuhi, na Hayat akamsuka nywele kila Jumamosi na kumfundisha hesabu. Walikuwa wanagawana hata kipande cha sabuni. Ukimtafuta mmoja, unaita wawili.

Kisha kulikuwa na jambo la majina. Jioni kabla ya preps, masomo ya usiku, wasichana walisimama kando ya vitanda, kiranja akaita majina, kila mmoja akaitikia "Present." Saa hiyo hiyo jua linazama, na Hayat yuko kwenye mswala wake nyuma ya leso aliyoitundika, anaswali magharibi. Mtu aliye kwenye swala hasemeshwi. Kwa hivyo Mwongeli akiita "Hayat Uthman," Nduku ndiye aliyeitika. "Present!" Jioni zote, miaka miwili. Hakuna aliyeona neno.

Halafu baridi ya Juni ikaja. Hayat alikosa pumzi usiku mzima, na matron wa shule akasema huyu anakwepa mtihani, apewe maji ya moto. Kufikia alfajiri midomo ilikuwa imebadilika rangi. Nduku alimbeba mgongoni mpaka kwenye gari la mboga la shule, na alipotaka kupanda naye, matron akamrudisha. "Wewe nenda darasani. Kwani wewe ni daktari?" Hayat alikata roho njiani kabla gari halijafika mjini.

Sasa sikiliza kosa lilipotokea. Nduku na wenzake walijua msiba wa kwao. Kwao mtu akifa, watu wanakusanyika juma zima, jioni nyimbo, mchana harambee, ndipo basi la shule linawapeleka wanafunzi na maua kaburini. Kwa hivyo walikaa wakasuka shada la yale maua ya zambarau, membamba kama karatasi, yaliyopanda ukuta wa mwalimu mkuu, wakingoja siku itangazwe. Hakuna aliyewaambia kwamba kwa akina Hayat maiti hangojeshwi. Alifariki alfajiri, na baada ya swala ya adhuhuri alikuwa ameshafunikwa udongo. Nduku alikuwa bado anasuka shada. Likaja kukauka likining'inia kwenye chuma cha kitanda chake.

Hakulia. Watu walimwona hakulia, wakasema ana moyo mgumu. Ai, moyo mgumu! Mtu ambaye hajamuaga mwenziwe analilia nini?

Jioni moja Mwongeli alikuwa anaita majina kwa haraka maana walikuwa wamechelewa. Jina la Hayat lilikuwa halijafutwa. Likamtoka kinywani likifuatana na mengine. "Hayat Uthman!"

Na Nduku, akili iko mbali, macho kwenye dirisha lenye wekundu wa magharibi, akaitika. "Present!"

Mtu mmoja mwisho wa safu akaanza kulia. Mwongeli akaendelea na majina mengine, wakaenda preps, na asubuhi ndoo ikakutwa imejaa maji.

Tangu hapo Mwongeli aliliruka jina lile. Akifika pale anameza mate na kwenda kwa linalofuata. Haikusaidia. Jioni ya pili tu, baada ya kumeza mate, kabla hajafungua mdomo, sauti ikatoka kwenye kitanda cha dirishani, sauti nyembamba, ya mtu aliyepanda ngazi ndefu.

"Present."

Wasichana walitoka mlangoni kwa kukanyagana. Mmoja aliteguka mkono. Mwalimu mkuu, Bi. Mukonyo, akaja na tochi na hasira. Miaka ile uvumi wa waabudu shetani ulikuwa umezagaa kila shule, mzazi akisikia kelele bwenini anakuja kumtoa mtoto wake kesho yake. "Mnataka magazeti yaje hapa?" akafoka. "Atakayetamka neno jini ataenda nyumbani alete mzazi." Wanachama wa Christian Union wakaomba kwa sauti mpaka sauti zikakauka. Ndoo ikajaa vilevile. Matron akaimwaga nje mchana, na pale ilipomwagwa pakanuka udongo mbichi, kama shimo lililochimbwa sasa hivi, siku tatu mfululizo, na jua kali hivyo.

Wasichana wengine wote waliogopa. Nduku hakuogopa, na hapo ndipo palipokuwa na hatari. Wengine walihamisha magodoro upande wa mlango, yeye akabaki. Walimsikia akinong'ona kwenye shuka.

"Hayat?"

"Nipishe kidogo, Nduku. Baridi."

"Ni wewe kweli?"

"Si umeniita nikaja?" Pumzi ikalia filimbi, ikakatika, ikaanza tena. "Mbona hukuja kunizika?"

"Hatukujua. Wallahi, hatukujua kwamba ni siku ile ile. Nilikuwa nakusukia maua."

"Basi sogea. Sogea zaidi."

Naye akasogea, maskini, akasogea mpaka mgongo ukagusa ukuta, akampisha yule aliyemdhani rafiki yake, na kila alivyosogea ndivyo baridi ilivyomwingia kifuani, na kadiri baridi ilivyomwingia ndivyo alivyozidi kusikia harufu ya mafuta ya nazi ya nywele za Hayat, na chini ya mafuta yale harufu ya udongo, na hakutaka kuinusa hiyo ya udongo, alitaka hiyo ya juu tu, akakaza macho na kuivuta kwa pua mpaka usingizi ukamchukua.

Kabla ya wiki mbili kwisha, Nduku mbeba madebe alikuwa hawezi kupanda ngazi za darasa bila kushika ukuta. Kifua chake, ambacho hakikuwahi hata kukohoa, kilianza kulia filimbi. Chakula chake alikigawa nusu na kukiacha chini ya kitanda cha dirishani. Mwongeli alimkamata mkono siku moja kwenye foleni ya githeri, akaushtukia wembamba wake.

"Nduku, unakufa. Unajiona?"

"Niko poa."

"Uko poa wapi? Unapumua kama yeye. Hata macho yako yamekuwa yake."

"Wacha awe nami. Kuna ubaya gani? Nyinyi mlimsahau."

Mwongeli hakubishana. Alikwenda ofisini kwa Bi. Mukonyo, akapiga magoti kama yuko kanisani, akasema afukuzwe shule akitaka, lakini watu wa Hayat waitwe. Alisema kama ni jini, ni wa kwao, watajua la kufanya, na kama si jini basi waje tu wachukue sanduku la marehemu. Kwa neno hilo la sanduku mwalimu mkuu akakubali. Alikuwa mwenyewe ameacha kulala.

Walikuja Jumapili mchana na pikapu ya kuazima. Mama Hayat alikuwa amejitanda leso nyeusi, ameshika mfuko wa mahamri kana kwamba amekuja siku ya kutembelea watoto. Pamoja naye alikuja kaka yake, Mwalimu Farouk, mzee mpole wa ndevu za hina aliyefundisha chuo cha Kurani pale Makongeni. Wasichana walikusanyika kivulini wakiwatazama.

Mama Hayat alimkumbatia Nduku, na alipomkumbatia akasikia ile filimbi. Akamwachia ghafla. "Huyu mtoto ana pumu tangu lini?"

Nduku akainamisha kichwa. Ikabidi Mwongeli ndiye aeleze, kuanzia magharibi zile za miaka miwili mpaka jioni ile jina lilipomponyoka. Mwalimu Farouk alisikiliza mpaka mwisho. Akaingia bwenini, akasimama mbele ya kitanda cha dirishani, akaitazama ndoo ya buluu, midomo ikisoma. Alipotoka uso wake ulikuwa umezeeka.

"Sikiliza, mwanangu," akamwambia Nduku. "Hayat yuko kwa Mola wake. Hazururi mabwenini kuomba chakula. Huyo ni jini mpita njia. Alisikia jina limeitwa, akasikia mtu amemwitikia asiyekuwepo, akaona hapa pana nafasi wazi na ruhusa ya kukaa. Amevaa sauti ya mwenzako. Atakula pumzi yako, kisha atatafuta nyingine."

"Anajua mambo yetu," Nduku akanong'ona. "Anajua maua."

"Wewe si ulimwambia?"

Nduku akaikumbuka minong'ono ile ya kwenye shuka.

Dawa yake ilikuwa rahisi kuisema na ngumu kuifanya. Majina yaitwe kama kawaida, bweni zima likiwepo. Jina la Hayat liitwe mara tatu, na mara zote tatu asiitike mtu. Akikosa wa kumwitikia atajua nafasi imefungwa, ataondoka. "Atasema mengi," Mwalimu Farouk akaonya. "Atalia. Msimjibu hata kwa mguno." Kisha akamgeukia dada yake. "Na wewe Fatu, ngoja garini."

"Sendi."

"Fatu, nakuomba."

"Nimemzaa mimi. Nikangoje garini, watu wanamfukuza mwanangu?"

"Si mwanao, nimesema!"

"Basi kama si mwanangu, kuna ubaya gani nikiwepo?"

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mzee akamwacha aingie.

Jua lilikuwa la saa tisa, jeupe, mchana kweupe, upepo wa vumbi ukigonga mabati. Wasichana walisimama kando ya vitanda vyao, wengine wameshikana mikono. Mwongeli akaanza kuita. Kila aliyeitwa aliitika kwa sauti ndogo. Alipofika pale, alimtazama Mwalimu Farouk, naye akaitikia kwa kichwa.

"Hayat Uthman."

Kimya. Upepo ukasimama. Kitanda cha dirishani kikalia kama mtu aliyeketi, na godoro tupu likabonyea machoni pa watu wote.

"Hayat Uthman."

"Nduku." Sauti ilikuwa karibu na sikio lake. "Nduku, niitikie. Wewe si ndiye huniitikia? Niko kwenye mswala, nitaadhibiwa." Nduku alivuta ukosi wa sweta akauingiza mdomoni akauma. "Ulinibeba mgongoni, ukaniacha peke yangu garini. Usiniache tena mara ya pili, Nduku, kuna giza huku, kuna baridi, sema neno moja tu, hilo moja ulilozoea." Na machozi yale ambayo hayakutoka tangu msiba yakamtoka yote kwa pamoja, yakalowesha sweta, lile neno likamfika ulimini, naye akazidi kuuma, akatikisa kichwa, hapana, hapana, akilia bila sauti kama mtoto aliyekatazwa kulia, na hakuitika.

Mwongeli naye alikuwa analia. Jina halikutaka kumtoka. Alilisukuma.

"Hayat Uthman."

Mara hii sauti haikumwita Nduku. Ilikaa kimya kidogo, kama mtu anayeangalia nani na nani wako chumbani. Kisha filimbi ya kifua ikaanza, ile ya usiku wa homa, ya utotoni, ile ambayo mwanamke mmoja tu mle ndani alikuwa amekesha nayo miaka kumi na sita akipuliza mvuke na kusugua mgongo. Ikapanda, ikakatika.

"Mama," ikasema. "Mama, kifua."

"Naam, mwanangu!" Mama Hayat akapiga ukelele. "Nipo! Nipo hapa, mama, nipo!"

Godoro likainuka. Upepo ukarudi kwenye mabati kwa kishindo, ndoo ikaanguka, na ndani hamkuwa na tone. Nduku alivuta pumzi ndefu ikaingia mpaka chini, safi, kifua kimefunguka. Wasichana wakaanza kukumbatiana, wengine wakacheka wakilia, Bi. Mukonyo akasema asante Mungu, asante Mungu. Mwalimu Farouk peke yake hakufurahi. Alikuwa anamtazama dada yake, na dada yake alikuwa amekumbatia hewa.

Waliondoka na sanduku la bati. Nduku aliwasindikiza mpaka langoni. Pikapu ile ilikuwa na kiti kimoja kirefu mbele, cha kutosha watu watatu. Mama Hayat aliingia akajibana kabisa mlangoni, akaacha nafasi katikati yake na kaka yake, na kabla gari halijaondoka aliivuta leso yake akaitandaza juu ya ile nafasi, kama mtu anayemfunika mwingine baridi.

Bweni lilipona. Jina likafutwa kwa wino. Shule ilipofunga Agosti, mama yake Nduku alimpa mfuko wa ndengu ampelekee yule mama wa Makongeni, maana hakuna aliyekuwa amewapa pole ya kueleweka. Nduku akashika na shada lake, limekauka mpaka linachakarika.

Alianza kwa Mwalimu Farouk, naye akampeleka makaburini. Mzee alisita juu ya shada, si desturi yao, kisha akasema aliweke tu nje ya ukuta, Mungu anajua nia. Nduku alisimama pale ukutani akatazama tuta dogo alilooneshwa kwa mbali. Akaita, kwa sauti ya kawaida, kama kiranja. "Hayat Uthman."

Hapakujibu mtu. Kunguru waliendelea na mambo yao. Akaita tena, akangoja, na kimya kile hakikumtisha. Akamuomba msamaha kwa kuchelewa. Akamwambia alishika nafasi ya pili kwenye hesabu. Akalia vizuri, mpaka akamaliza.

Ndipo akapeleka ndengu.

Mama Hayat alimfungulia mlango kwa furaha iliyomshangaza. Alikuwa amekonda, mifupa ya mabega imejitokeza, na kila baada ya maneno mawili alisimama kuvuta pumzi. Pumzi ililia filimbi. Mezani palikuwa na sahani mbili, chai vikombe viwili, na ndoo ndogo kando ya pazia la chumba cha ndani, imejaa maji.

"Karibu, mama, karibu. Hayat!" akaita kuelekea ndani. "Nduku amekuja!"

Nduku alisikia springi za kitanda zikilia. Halafu sauti aliyoipenda kuliko zote duniani ikasema nyuma ya pazia, "Nduku? Umeniletea maua?"

"Muitikie," Mama Hayat akanong'ona, macho yanang'aa. "Anakutaja kila siku."

Nduku aliweka mfuko wa ndengu chini. Akamshika yule mama mikono yote miwili. Ilikuwa baridi. "Mama, natoka kaburini kwake sasa hivi. Nimemwita. Ameninyamazia. Yuko kule, mama. Huyu siye."

Alitegemea atatukanwa, au atafukuzwa. Mama Hayat alimtazama tu, kwa upole, kama mtu mzima anavyomtazama mtoto aliyesema jambo ambalo kila mtu nyumbani analijua.

"Najua," akasema. "Mimi ndiye niliyemwosha. Nilimwosha kwa mikono hii, nikamfunga sanda. Sitakosa kujua mwanangu amelala wapi."

"Basi kwa nini, mama? Atakumaliza."

"Atanimaliza. Kaka yangu naye alisema hivyo, nikamfungia mlango." Akavuta pumzi, ikamkwama, akangoja mpaka ikapita. "Nilirudi kutoka mazikoni nikaikuta nyumba hii kimya. Nilikaanga mahamri, kimya. Nikalala, kimya. Wewe mdogo, mwanangu, hukijui kimya kile, na Mungu asikujulishe. Huyu si mwanangu. Lakini ananiita mama."

Nyuma ya pazia kifua kikaanza kulia. Kikapanda, kikakatika.

Mama Hayat akaitoa mikono yake taratibu kwenye mikono ya Nduku. Akajifuta machozi kwa upindo wa leso, akachukua kikombe kimoja cha chai, akakipuliza kipoe.

"Naam, mwanangu," akaitika. "Nipo, nakuja."